Asali Haikuchacha kwa Kuchanganywa

Mwanangu Skolastika,

Salamu sikuandikii. Asubuhi umeniamkia, mchana tumekula sahani moja, na sasa hivi nakusikia huko nje unacheka na wenzako wanaokusuka nywele. Naandika kwa sababu nikikuita nikuambie kwa mdomo nitapiga kelele, na nyumba imejaa ndugu wa baba yako waliokuja kula na kusikiliza. Nimekaa nyuma ya jiko na daftari langu la kisomo, jua bado liko juu ya miti, na kila anayepita anadhani nafanya mazoezi ya mwalimu wetu wa watu wazima. Nikimaliza nitaikunja barua hii niitie katikati ya mfuko wa unga, ili uikute Mishamo siku ya kwanza utakayopika kwako. Venansi akiwepo, msomee. Ni mume wako, sina la kumficha, na mengine yanamhusu.

Habari za kuamka mapema, kuchota maji kabla jua halijachoma na kutomjibu mama mkwe sitazisema. Unazijua, na ukizisahau mama mkwe atakukumbusha bila kuombwa. Mimi nataka kukuambia kwa nini nimenuna tangu Jumapili. Umeniuliza zaidi ya mara moja, "Mama, una nini?" nami nikasema moshi. Si moshi. Nina hasira, mwanangu, na kila nikishika mchi inaongezeka.

Jumapili baada ya misa baba yako mkubwa Petro aliita kikao cha ukoo. Wewe ulikuwa mtoni unafua na wasichana wenzako. Hukuambiwa kilichosemwa. Uliambiwa tu kwamba baba mkubwa anaumwa mgongo na huenda kesho asiweze kufika kukuaga. Mgongo wake ni mzima. Jana nimemwona amebeba gogo la mzinga begani anapiga mluzi.

Unajua kwetu hapa binti haondoki hivi hivi. Mkubwa wa upande wa baba anakoroga unga wa mtama kwenye maji, anampulizia binti kifuani, anataja waliotangulia, ndipo binti anavuka kizingiti. Padri amekwisha kuwafungisha ndoa na tumepiga vigelegele mpaka koo zimekauka, lakini binti aliyeondoka bila maji ya unga, wazee wanamhesabu kama aliyetoroka. Siku mtoto wake akiugua, siku mvua ikichelewa shambani kwake, watu wanakumbushana. Hicho ndicho Petro anachokunyima, na anakunyima akiwa mzima wa afya.

"Hatuwezi kuchanganya damu," alisema mbele ya wote. "Hawa watu wamekuja kutoka Burundi na mabunda kichwani. Hatujui kwao, hatujui babu zao. Walikuwa hapa jirani, sasa wanapakiwa kwenye malori wanapelekwa Mishamo kufyeka pori, na keshokutwa watarudi kwao. Mtoto wetu atakuwa nani?"

Watu wakaguna kukubali. Nilimtazama mdomo wake. Mdomo uleule ulikula mbuzi walioletwa na wazazi wa Venansi, ukala mpaka ukanyonya mifupa, wala haukusema kwamba nyama ile imetoka Burundi. Kula alikula. Kubariki ndiko kunakochanganya damu.

Mimi bado nilikuwa nimenyamaza. Nilinyamaza kwa sababu baba yako alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, na mke hasemi kabla ya mume. Ndivyo nilivyofundishwa. Halafu Petro akasema neno lililonitoa kwenye ngozi yangu. Akasema, "Si mnakumbuka pipa la asali? Tulichanganya, likachacha. Damu nayo ni hivyohivyo."

Wewe pipa lile unalikumbuka kwa harufu tu. Ulikuwa msichana wa kubeba mdogo wako mgongoni wakati ule tulipohamishwa. Kabla ya hapo kila watu walikaa kwao, sisi karibu na mizinga yetu, wengine ng'ambo ya mto, wengine kule mbugani. Likaja gari, akashuka mkubwa mmoja mwenye viatu vyeupe kwa vumbi, akapanda juu ya meza ya shule. Akasema, "Kuanzia leo nyie mmeunganishwa. Hakuna wa huku wala wa kule. Nyie ni kitu kimoja." Tukapiga makofi. Vyungu vyetu vilikuwa vimebaki nyuma, kuku wetu wamebaki nyuma, nasi tukapiga makofi. Tukapangwa kwa mistari, mlango kwa mlango na watu ambao hatujawahi hata kuombana chumvi. Yule mkubwa akapanda gari lake akaenda kuwaunganisha wengine. Alidhani ukishasema neno kazi imekwisha.

Msimu wa asali ulipofika, kamati ikaamua asali ya kijiji kizima iuzwe pamoja, katika pipa moja. Mkubwa wa kamati alikuwa Petro. Wazo lenyewe silikatai hata leo. Nyuki mwenyewe hatoi asali kwenye ua moja. Lakini asali ina adabu yake. Baba yako alinifundisha tulipooana: sega unalikata nyuki wakishalifunika kwa nta. Lisilofunikwa bado lina maji, unaliacha liive. Ukimimina mbichi juu ya iliyoiva, yote inachacha, hata ingekuwa ya ndugu wa tumbo moja.

Watu wa ng'ambo ya mto walileta ndoo zao, asali nzito inayoshuka kama haitaki. Baba yako akaleta ya kwake. Petro hakuwa ameingia porini msimu ule, alikuwa kwenye vikao. Siku ya mwisho, aliposikia mnunuzi yuko njiani, alikimbilia mizinga yake akakata kila alichokuta, akarudi na debe la asali inayocheza kama maji ya kunywa. Mimi nilikuwa nimeshika chujio. Nikamwambia kwa heshima kabisa, "Shemeji, hii haijaiva."

Akanijibu, "Mama Skola, wewe shika chujio."

Akamimina. Baada ya siku chache kifuniko kilivimba, povu likatoka pembeni, na harufu ikafika mpaka shuleni. Mnunuzi alinusa akageuza gari. Wanaume wakaigeuza pombe ya wanzuki, wakainywa wiki nzima kwa huzuni kubwa. Na Petro akasimama mkutanoni akasema asali imeharibiwa na watu wa ng'ambo ya mto, kwamba huko kwao kuna maua mabaya. Wakatolewa kwenye kamati. Wake zao wakaanza kuchota maji peke yao. Kila aliyekuwepo siku ile alijua debe lilikuwa la nani, na hakuna aliyefungua kinywa. Nami nilikuwa nimekwisha kuambiwa kazi yangu ni chujio.

Basi Jumapili, Petro alipolitaja lile pipa ili akunyime wewe baraka, nilikuwa mlangoni na wanawake, nina ungo wa mchele mapajani. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka mchele ukimwagika.

"Asali haikuchacha kwa kuchanganywa," nilisema. "Ilichacha kwa sababu wewe, shemeji, ulileta mbichi."

"Mama Skola, kaa chini."

"Nimekaa chini tangu siku ya chujio. Leo sikai. Na nyie wote mnajua! Nyie ndio mliinywa!"

Mzee mmoja akacheka kwa kukohoa. Shangazi yako Magdalena akanivuta kitenge. Nilidhani nimeshinda, mwanangu. Nilimwona Petro anatafuta neno. Akalipata. Hakunitazama mimi, aliwatazama wenzake akasema, "Sikieni. Huyu naye ni wa kuja. Mpimbwe ndiye anatufundisha habari za ukoo wetu?"

Hapo nilikaa. Wala sikukaa kwa kumwogopa. Nilikaa nikaokota mchele punje kwa punje. Ulikuwa hujazaliwa nilipoingia nyumba hii, na tangu siku ile nilitoa kila nilichokuwa nacho ili nisiitwe tena jina hilo kwa sauti ile, na kumbe lilikuwa limewekwa mahali, linasubiri siku ya kutumika.

Sasa nikueleze nilitoa nini, kwa sababu wewe unakwenda kuwa mtu wa kuja, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nilipoletwa kwa akina baba yako, Wakonongo, nilikuwa msichana wa Kipimbwe, natoka Mpimbwe kwenye majaruba ya mpunga, najua Kipimbwe na Kiswahili cha kanisani basi. Mama mkwe wangu, yule bibi yako unayemkumbuka kwa upole, hakuwa na upole alipokuwa na meno. Siku ya kwanza niliomba maji kwa lugha yangu. Akawaita majirani waje wasikie. Wakanifanya nirudie, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hilo nilijua. Lakini mimi niliona aibu kuliko ilivyostahili, na ndipo nilipofanya ujinga wangu mkubwa. Nilisema moyoni, nitakuwa Mkonongo kuwashinda wao wenyewe. Nikajifunza Kikonongo usiku na mchana. Nikaacha kupika wali kwa namna ya kwetu. Nikaacha nyimbo za kwetu za kutwangia. Ulipozaliwa wewe, kifungua mimba wangu, nilikubembeleza kwa lugha ya bibi yako wa hapa. Ile ya kwangu niliifungia, nikidhani nitaifungua siku moja watu wakishanizoea.

Halafu mama yangu akaja. Wewe ulikuwa umeanza kusema maneno mengi. Alitoka Mpimbwe kwa miguu na kwa kupanda lori la chumvi, na kifurushi cha mchele kichwani, mchele mpya kabisa, akafika miguu imevimba. Akakuona mlangoni, akapiga magoti akakusalimu. Ukamtazama. Ukageuka kwangu ukauliza, "Mama, huyu bibi anasema nini?" Na nyumba nzima ikacheka. Mimi nikacheka nao.

Naomba usome hapo mara ya pili. Nilicheka nao. Mama yangu alinisemesha, nami kwa kuwa mama mkwe alikuwa anasikia nikamjibu Kikonongo, mama yangu mzazi, ambaye hakujua hata neno moja la Kikonongo. Alitazama mikono yake. Alikuwa amesema atakaa mpaka mwezi uandame. Kesho yake akafunga kitenge chake. Nilimsindikiza mpaka njia panda, akaniambia kwa lugha yetu, taratibu, kama mtu anayeuliza bei sokoni, "Nilikuja kumwona mwanangu. Yuko wapi?" Nilisema, "Mama, usiseme hivyo." Nilisema kwa Kikonongo. Ulimi ulikuwa umekwisha kuzoea.

Masika hayo hayakwisha kabla hajafa. Habari ilinifikia amekwisha kuzikwa.

Ndiyo bei niliyolipa, Skola, na Jumapili Petro amenirudishia risiti. Nakasirika naye, nakasirika na baba yako na vidole vyake vya miguu, nakasirika na mama mkwe wangu ambaye yuko kaburini na hawezi kujibu. Lakini anayenikasirisha kupita wote ni yule msichana aliyecheka. Hakuna aliyemshika koo. Alicheka mwenyewe.

Na huyo Petro anayelinda damu! Nyani haoni kundule. Mama yake mzazi, huyohuyo bibi yako, alizaliwa na mama kutoka Ufipa. Kila mtu analijua hilo, na kwenye misiba wanalitaja kwa majivuno. Wewe unayekatazwa kuchanganya, damu yako nusu ni yangu, ya kwenye majaruba. Wanaolindwa hapa ni akina nani? Ningeuliza Jumapili kama nisingekaa chini.

Ulipokuwa mdogo unajifunza kupika ulinichosha kwa maswali. "Mama, kukoroga na kuchanganya si ni kitu kimoja?" Nikakuambia nenda ukalete kuni. Sasa nakujibu, nimechelewa kidogo. Uji unakorogwa, na ukishakorogwa huwezi kusema huu ni unga na haya ni maji. Chumvi inayeyuka. Mimi niliyeyuka. Niliwapa ladha yao yote ya miaka hii, na wakiitafuta chumvi yenyewe hawaioni, ndiyo maana Petro anaweza kusema haikuwepo.

Mboga tunaziunga. Unajua unavyofanya: majani ya kunde yanaiva kwanza yenyewe, halafu unatia karanga, unapunguza moto, unakaa hapohapo na mwiko kwa sababu ukienda kupiga soga zinashika chini. Mtu anakula anasema hii ni kunde, na hii ni karanga, na hii ni mboga moja tamu. Shamba ndivyo lilivyo. Mahindi na maharage umeyapanda pamoja tangu ukiwa mtoto, haragwe linapanda juu ya bua la hindi, na siku ya kuvuna hakuna anayekuletea hindi lenye maganda ya haragwe. Yule mkubwa juu ya meza alitaka tuwe uji. Petro anataka kila punje ikae ghala lake. Wote wawili hawajawahi kukaa na mwiko mkononi.

Kwa hiyo ukifika kwao, jifunze Kirundi. Sisemi ujifunze cha salamu tu. Kijifunze mpaka uweze kugombana nacho, mpaka uweze kusikia wanavyokusengenya na kujibu kabla hawajamaliza. Kula chakula chao wanavyokipika. Mama yake Venansi amepoteza watoto njiani, usimwone mkali ukadhani ni tabia. Lakini siku watakapocheka unavyosema, na watacheka, kwa sababu watu ni walewale kila mahali, wewe sema tena vilevile. Sema kwa sauti kubwa zaidi. Wacheke mpaka wachoke. Watoto wako ukiwabembeleza, wabembeleze kwa lugha zote ulizo nazo. Wakubwa wakikuambia watoto hawa wamechanganyika, jibu ndiyo.

Na Venansi, kama unasikiliza: mimi nilikupenda tangu siku ulipokuja kutengeneza baiskeli ya mwalimu ukakataa kuondoka kabla hujarudisha kila spoku mahali pake. Sina neno baya nawe. Ila siku mama yako atakapowaita majirani waje kusikia mke wako anavyoomba maji, usitazame vidole vya miguu yako. Nakuomba kwa adabu, na mara ya pili sitaomba kwa adabu.

Nimesimama kidogo. Baba yako amepita hapa.

Ameniuliza, "Unaandika nini?"

Nikasema, "Naandika kwa Skola."

Akakaa kwenye kinu kilicholala. Halafu akasema, "Petro ni kaka yangu."

"Na Skola ni nani wako?"

"Mama Skola, ukoo una utaratibu wake."

"Ulijua debe lilikuwa la nani," nikamwambia. "Ulijua siku ile, ulijua Jumapili. Ungesema neno moja tu."

Akainuka akaenda. Nikafikiri amekasirika, nikaendelea kuandika, na yale uliyoyasoma hapo juu kuhusu vidole sikuyafuta. Amerudi sasa hivi, ameweka mbele yangu vitu viwili na kuondoka. Kimoja ni kopo la asali, limefungwa kwa kitambaa. Nimelifungua nikaonja. Imeiva, mwanangu, nzito, ya mizinga ya mbali kabisa. Ya kupeleka kwa wakwe zako. Kingine ni ile kata ya kibuyu ya marehemu mama yake, ile ya kukorogea maji ya unga, ambayo hukaa kwa Petro na haitoki kwa Petro. Amekwenda kuichukua. Sijui amesema nini huko, wala kama amesema. Labda aliiiba.

Nimeitazama kata hii mpaka macho yameniuma. Hasira haijaisha, usidhani. Mtu aliyenyamaza miaka yote haoshwi na kata moja. Lakini kesho asubuhi utasimama kizingitini, na mmoja wetu ataishika. Kama ni yeye, nitapiga vigelegele. Kama asubuhi vidole vya miguu vimemshinda tena, nitakoroga mimi. Mwanamke hafanyi hivyo, na Mpimbwe ndiyo kabisa. Watasema. Maji yatakuwa yamekwisha kukufika kifuani, na maji hayarudi kwenye kata.

Halafu nitakusindikiza mpaka barabarani, pale lori la Mishamo linapopakia. Njia unaijua, si fupi. Na njia nzima nitakusemesha Kipimbwe.

Leo kisimani nilikuwa peke yangu nikajaribu. Maneno mengi yamekuja. Mengine yamekataa, nimeyaita kama kuku na hayakugeuka, nikalia. Lakini yaliyokuja yanatosha toka kizingitini hadi kwenye lori. Hutaelewa. Utaniambia, "Mama, sema vizuri." Shangazi zako watatazamana, na Petro, kama mgongo utamruhusu kuchungulia, atasema mke wa mdogo wake amechanganyikiwa. Nitaendelea tu.

Kwa hiyo wakati unaposoma hapa, na mikono yako ina unga, utakuwa umekwisha kunisikia. Utajua sasa kwamba sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nakutajia jina la bibi yako, ambalo sijawahi kukuambia. Nilikuwa nakueleza alivyotembea na mchele kichwani ili akuone. Nilikuwa nakusalimu kama alivyokusalimu yeye mlangoni, ukauliza anasema nini. Na pale nilipokushika mkono karibu na lori nikarudia neno moja tena na tena, mpaka ukaudhika, lile ndilo la kuamkia mama. Lazima limebaki masikioni mwako, maana nitakuwa nimelirudia kwa makusudi.

Lihifadhi. Liseme hata kama hakuna wa kukuitikia huko. Na siku utakayorudi kunitembelea, usinisalimie kwa Kikonongo wala kwa Kiswahili wala kwa Kirundi. Simama mlangoni, nyumba ikiwa imejaa, Petro akiwa amekaa kwenye kiti chake, uniamkie kwa neno hilo kwa sauti. Mimi nitaitikia. Nitaitikia kwa lugha yetu, nao wacheke wanavyotaka.

Aliyekuzaa,

Mama yako, Mpimbwe.